Anza na pamba, siyo na maji: kisa cha Majimaji katika Darasa la Tano

"Mwalimu, kwani babu zetu walikuwa wajinga?"

Swali hilo liliulizwa wiki ya mwisho ya Januari 2024, kipindi cha tatu, katika Darasa la Tano lenye wanafunzi 68, kwenye shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Songea. Aliyeuliza ni mvulana wa dawati la nyuma, mtoto asiye na utundu wowote. Alikuwa ameshika kalamu yake akisubiri jibu aandike. Darasa likanyamaza kidogo, kisha likaangua kicheko.

Mimi nilikuwa ubaoni. Juu nilikuwa nimeandika kwa chaki ya rangi "Vita vya Majimaji, 1905–1907", na mstari wa kwanza kabisa chini yake ulisema: "Kinjekitile Ngwale aliwapa watu dawa ya maji akiwaambia kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji." Mtoto alikuwa amesoma mstari huo na kufikia hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angefikia kwa taarifa nilizompa. Sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia "hapana, walikuwa mashujaa", kengele ikagonga, na nikatoka darasani nikijua kwamba sikumjibu.

Naandika kisa hiki kwa walimu wenzangu wa msingi kwa sababu nadhani kicheko kile hakikuwa cha darasa langu peke yake. Kila mwaka tunafundisha Majimaji, watoto wanakariri, na wengi wao wanaondoka na kitu kimoja kichwani: wazee walidanganywa na mganga. Nitaeleza tulichofanya kwa majuma manne yaliyofuata, mahali tulipoharibu na mahali tulipopata.

Mahali penyewe

Songea si mahali pa kufundishia Majimaji kama hadithi ya mbali. Mji wenyewe umebeba jina la Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi wa vita wa Wangoni. Kuna Uwanja wa Majimaji, kuna timu ya Majimaji, kuna makumbusho ya vita hivyo. Nilipoanza kipindi kile kwa kuuliza "Majimaji ni nini?", jibu la kwanza lilikuwa "Timu!" na la pili "Uwanja!" Mtoto mmoja alisema ni mahali wanapoenda wageni wakubwa, akikumbuka siku Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja hapa mwanzoni mwa Novemba 2023 na kuomba msamaha. Magari mengi, barabara imefungwa, bendera. Hilo walilijua vizuri. Kwamba kuna watu 67 waliozikwa pale makumbusho, walijua nusu nusu.

Jina walikuwa nalo, basi, na hata fahari walikuwa nayo. Kilichokosekana ni sababu.

Kosa la mpangilio

Nilirudi kwenye andalio langu la somo jioni ile na kulisoma kama mtu mwingine. Mpangilio ulikuwa huu: kiongozi, dawa ya maji, makabila yaliyoshiriki, sababu za vita, sababu za kushindwa, matokeo. Huo ndio mpangilio niliofundishwa nao mimi, na ndio nilioukuta katika daftari za wenzangu. Uone kinachotokea hapo. Mtoto anakutana na dawa kabla ya kukutana na maumivu. Anaambiwa watu walipaka maji wakaenda mbele ya bunduki, na bado hajui ni nini kiliwasukuma hadi hapo. Sababu zinakuja baadaye, zimepangwa kwa namba: kodi, kazi za kulazimishwa, ukatili wa maakida, wale maofisa waliosimamia vijiji kwa niaba ya Wajerumani. Maneno matupu kwa mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hajawahi kulipa kodi.

Kosa la pili lilikuwa la tarehe, na hili liliniuma zaidi. Watu wa Matumbi waling'oa pamba kule Nandete mwishoni mwa Julai 1905, na hapo ndipo vita vilipoanzia. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku chache tu. Vita viliendelea hadi 1907. Nimefundisha mada hii miaka tisa na sijawahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja mbele ya darasa. Kama maji ndiyo yaliyokuwa kila kitu, watu wangerudi nyumbani mwezi uleule.

Niliwaeleza wenzangu ofisini wakati wa chai. Mwalimu wa taaluma aliuliza swali la haki kabisa: mada ina vipindi vichache, azimio la kazi limebanwa, nitapata wapi muda? Tukakubaliana kwamba hakuna kipindi kitakachoongezwa. Kila mwalimu abaki kwenye mada yake ya mwezi ule, ila mifano yake aitoe Majimaji. Mwalimu wa Hisabati alikuwa kwenye kugawanya na kukadiria. Wa Sayansi alikuwa kwenye lishe. Wa Kiswahili alikuwa kwenye matumizi ya kamusi. Mimi kwenye Maarifa ya Jamii nilikuwa na ramani na skeli. Nilitoa sharti moja tu: asiseme mtu neno "dawa" kwa majuma mawili. Tuanze na pamba.

Senti 35

Mwalimu wa Hisabati aliandika ubaoni mambo matatu, bila maelezo.

Katika mashamba ya pamba ya vijiji, wilaya ya Dar es Salaam, mpango ulipoanza mwaka 1902 chini ya Gavana Götzen, kila mfanyakazi alipata senti 35 kwa mwaka mzima. Kwa maandishi, alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, ingawa kwa vitendo ziliweza kuzidi. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka.

Kisha akasema: chukulieni rupia moja ni senti 100, nitafutieni anapata kiasi gani kwa siku, na ni miaka mingapi ya pamba italipa kodi ya mwaka mmoja.

Nilikaa nyuma ya darasa. Swali la kwanza lilipita haraka: 35 gawanya kwa 28, senti moja na robo kwa siku. La pili likawakwamisha. Mia tatu gawanya kwa thelathini na tano, inapata nane, inabaki ishirini. Msichana mmoja alisimama na kusema hesabu yake imekosea. Mwalimu akaangalia: iko sawa. "Haiwezi kuwa sawa," akasema, "kwa sababu miaka nane bado hajamaliza kodi ya mwaka mmoja, na mwaka wa pili kodi nyingine imeshakuja." Darasa lote likaanza kuhesabu upya. Walidhani mwalimu amekosea swali.

Hesabu hiyo, najua, si maisha yote ya mkulima wa wakati ule. Mtu aliuza nta, ufuta, mpira wa porini, au akalipa kodi kwa kufanya kazi za serikali. Tuliwaeleza hivyo. Lakini hasira ya yule binti juu ya baki ya ishirini ilikuwa hasira halisi, na hakuna aliyemwambia akasirike. Baadhi ya wafanyakazi wa wakati ule walikataa hata kuzipokea hizo senti 35. Sasa watoto walielewa kwa nini mtu anaweza kukataa pesa.

Hapohapo mwalimu akawapa kitu kidogo cha kwenda nacho nyumbani: neno "hela" tunalolitumia kila siku limetokana na Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Na "shule" nayo tumeichukua kwao. Watoto waliangaliana.

Kalenda ya manila

Kwangu mimi kazi ilikuwa kalenda. Nilibandika karatasi mbili za manila ukutani, kila moja ina miezi kumi na miwili. Ya kwanza waliijaza wenyewe: lini nyumbani kwenu mnalima, mnapanda, mnapalilia, mnalinda shamba, mnavuna. Hapo sikuwa na la kuwafundisha. Walibishana kuhusu juma la kupanda, walikubaliana kwamba Februari ni mwezi mgumu kwa sababu ghala limeisha na mahindi mabichi hayajakomaa, na mvulana mmoja akaeleza jinsi nguruwe pori wanavyomaliza shamba usiku mmoja mtu asipolala kibandani.

Ya pili tulijaza pamba. Pamba inataka kupaliliwa mvua zikiwepo, inataka kuchumwa kiangazi, na haichumwi siku moja. Tukaziweka karatasi moja juu ya nyingine dirishani ili mwanga upite. Palizi ya pamba ikaangukia juu ya palizi ya chakula.

"Sasa shamba la nyumbani linapaliliwa na nani?" aliuliza mmoja.

"Mama."

"Na mama naye wakimpeleka kwenye pamba?"

Hakujibiwa. Ndipo nikawaambia kuhusu Nandete: kwamba kwenye vilima vya Matumbi, Julai 1905, wanaume wawili, Ng'ulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia kwenye shamba la pamba na kung'oa miche mitatu. Mitatu tu. Haikuwa uharibifu, ilikuwa tangazo. Tunayajua majina yao kwa sababu miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Gilbert Gwassa, walienda kuwakuta wazee waliokuwa hai bado na kuwasikiliza. Watoto wakaniuliza kwa nini mitatu. Nikawarudishia swali, na jibu lililonipendeza zaidi lilitoka kwa binti aliyezoea kunyamaza: "Ili akida aone, lakini asiseme wameiba."

Kwenye ramani tulipima kwa uzi. Kutoka Ngarambe alikokaa Kinjekitile hadi huku Songea ni zaidi ya kilomita 350 kwa mstari wa moja kwa moja, na hakuna mtu anayetembea kwa mstari wa moja kwa moja kwenye mito na mapori ya huko. Habari ilitoka Matumbi Julai, na Septemba Ungoni, huku kwa Wangoni, kulikuwa vitani. Hakuna simu wala redio. Waliileta wajumbe kwa miguu, wakijulikana kama hongo. Tuliorodhesha walikopita na walikofika: Liwale, Mahenge, Masasi, Ungoni. Mtoto mmoja alihesabu lugha badala ya kilomita, akasema wajumbe walipita kwenye lugha zaidi ya tano.

Kiswahili kilipobeba mzigo wake

Mwalimu wa Kiswahili alilidaka hilo. Aliuliza kila mtoto maji yanaitwaje kwa lugha ya kwao. Kingoni, manji. Kiyao, mesi. Wengine hawakujua na wakapewa kazi ya kumuuliza bibi. Kisha akauliza: kama Mngoni anasema manji na Myao anasema mesi, kwa nini vita vinaitwa Majimaji? Wakaona wenyewe kwamba kilio cha vita kilikuwa neno la Kiswahili, neno ambalo Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni wangeweza kulipiga kwa pamoja. Mimi mwenyewe sikuwahi kuliwaza hivyo.

Kisha kamusi. Alitaka watafute neno "asi". Wakasoma kwamba ni kukataa kutii, kuhalifu amri. Akauliza: "Anayeasi, anamwasi nani?" Anamwasi mwenye haki ya kumtawala. "Wajerumani walikuwa na haki ya kuwatawala Wamatumbi?" Hapana. "Basi huu ni uasi?" Wakati kitabu cha zamani kimoja kilichokuwa darasani kiliandika "uasi wa Majimaji", watoto walikigeuza kuwa zoezi la kusahihisha. Nadhani hicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote, na kilichukua dakika 40 na kamusi nne.

Kilichoharibika

Nisifiche yaliyokwenda kombo, maana mwalimu atakayejaribu atakutana nayo.

Juma la tatu tuliruhusu maji yaingie. Mwalimu wa Sayansi, kijana mwenye moyo wa kazi, aliandaa jaribio: mfuko wa plastiki uliojaa maji ukining'inia, msumari unauchoma. Alitaka waone kwa macho kwamba maji hayazuii kitu chenye kasi na ncha. Msumari ukapita, maji yakamwagika, na darasa likacheka kicheko kilekile cha Januari, safari hii kwa nguvu zaidi. Tulikuwa tumejenga kwa majuma mawili na tukabomoa kwa msumari mmoja. Alifadhaika sana.

Kosa halikuwa la sayansi. Sayansi ilikuwa imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hakuna mtoto aliyeamini kwamba maji yanazuia risasi. Walichotaka kujua ni jinsi gani mtu mzima mwenye akili aliamini.

Aliyetuokoa ni mtoto. Tulipokuwa tukijadili, mwalimu aliuliza kama kuna aliyewahi kupakwa maji ya aina yoyote ili alindwe. Kimya. Kisha mkono mmoja: "Bibi yangu hunipaka maji ya baraka nikienda mtihani." Mwingine akasema nyumbani kwao alikunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dini, alipougua. Wa tatu, maji ya upako. Mikono ikawa mingi.

"Na ukipakwa kisha ukafeli, bibi anasema maji ni ya uongo?"

"Hapana. Anasema sikusali vizuri."

Mwalimu wa Sayansi akawaambia kwamba watu wa mwaka 1905 walisema jambo hilohilo. Dawa ilikuja na miiko yake, na aliyeuawa alisemekana kuvunja mwiko. Hakumdhihaki bibi wa mtu, hakuisema dini ya mtu. Aliacha watoto wajione wamesimama upande uleule na wazee wao. Sikusikia kicheko tena kuhusu maji, hata mara moja, hadi muhula ukaisha.

Kisha nikaweka uzi wa tarehe. Kung'olewa kwa pamba, mwishoni mwa Julai. Kunyongwa kwa Kinjekitile, 4 Agosti. Mahenge, 30 Agosti, ambako maelfu waliishambulia boma na kukutana na bombom mbili, yaani bunduki za rashasha. Baada ya Mahenge kila mtu aliyetaka kujua alishajua kwamba risasi haigeuki maji. Na bado Wangoni na wengine waliendelea, wakaacha kushambulia maboma na kuanza kuvizia porini. Nilimwangalia yule mvulana wa dawati la nyuma. Alikuwa akihesabu miezi kwa vidole.

Igizo ndilo lililonishinda, na hilo ni langu mwenyewe. Niliwapa nafasi: wapiganaji, jumbe, mama wa nyumbani, akida, askari. Hakuna aliyetaka kuwa askari. Nikamchagua mvulana mpole ambaye baba yake ni askari magereza, nikidhani haitamsumbua. Kwenye mazoezi akapigwa kweli, kwa ngumi, na siku mbili zilizofuata wakawa wanamwita "mkoloni" hadi nje ya geti. Mama yake alikuja shuleni. Alizungumza nami kwa upole kuliko nilivyostahili.

Tuliliacha igizo. Badala yake tukaweka kiti mbele ya darasa: anayekaa anaulizwa maswali na anajibu akiwa mtu fulani wa mwaka 1905, na kila mmoja anakaa kwa zamu, hakuna anayebaki na nafasi moja. Humo ndimo walipogundua kwamba askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika, wengine kutoka Sudan, wengine kutoka Msumbiji, wengine Wanyamwezi na Wasukuma. Na kwamba kuna watawala wa huku huku, kama Kiwanga wa Wabena kule bonde la Kilombero, waliosimama na Wajerumani. "Kumbe?" ilisikika kila pembe. Nadhani mtoto wa darasa la tano anaweza kuubeba ukweli huo akielezwa taratibu, na kwamba ni hatari zaidi kumficha.

Debe la mahindi

Hesabu ya vifo iliachiwa mwalimu wa Hisabati. Takwimu za Wajerumani zilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa mtoto, namba hizi mbili zote ni "nyingi". Basi akaomba debe la mahindi stoo. Makundi yalihesabu punje za kikombe kimoja, wakapata wastani, wakapima vikombe vingapi vinajaza debe, wakazidisha. Debe zima halikufika 75,000. Ilibidi aongeze. Kwa makadirio ya Gwassa hata madebe manne hayakutosha.

"Nani aliwahesabu?" aliuliza mmoja, na hapo mwalimu akapata nafasi ya kueleza tofauti ya kuhesabu na kukadiria kwa namna ambayo kitabu kisingeweza.

Kisha akaeleza walivyokufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Kapteni Wangenheim alimshauri gavana kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri, na vikosi vikachoma maghala, vijiji na mashamba. Kwenye kipindi cha lishe, mwalimu wa Sayansi aliendelea kutoka hapo: mwili bila chakula unafanya nini wiki ya kwanza, mwezi wa pili, kwa mtoto, kwa mama anayenyonyesha. Akaongeza kwamba mashamba yaliyobaki bila watu yaligeuka pori, mbung'o na wanyama wakarudi, na sehemu kubwa ya kusini haijawahi kupata tena watu iliyokuwa nao.

Kesho yake mama mpishi alikuja kudai mahindi yake. Ilikuwa zamu ya makande. Watoto wa Darasa la Tano wakalizunguka debe, wakakataa. Walisema punje zile ni watu. Mimi na mwalimu wa Hisabati hatukujua la kufanya. Tulikuwa tumewafundisha kuziona punje hivyo, sasa tuwaambie wazile?

Mama mpishi ni mtu mzima, Mngoni wa hapahapa. Aliweka ungo chini, akawauliza, "Wale watu walikufa kwa kukosa nini?" Wakajibu, mahindi. "Basi leteni niwapikie." Wakalibeba debe wenyewe hadi jikoni, wanne wanne, na mchana ule sikuona sahani yenye makombo.

27 Februari

Tulimalizia makumbusho, siku ya kumbukumbu ya mashujaa, kwa miguu, na barua za wazazi mkononi. Tarehe hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, akiwemo Nkosi (chifu) Mputa Gama. Watoto walisimama kwenye kaburi la pamoja, kisha kwenye kaburi la Songea Mbano aliyezikwa peke yake. Wasichana walitafuta jina la Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume wale, na walipolipata wakalinakili kwa herufi kubwa. Wazee wakacheza ligihu, ngoma ya Wangoni. Ukoo wa Songea Mbano unasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mtoto yule aliyekumbuka msafara wa Rais Steinmeier akamuuliza mwongozaji kama kichwa kimesharudi. Mwongozaji alimwambia bado wanakitafuta.

Nilichobadilisha

Andalio langu sasa linaanza na hesabu ya senti 35, linakwenda kwenye kalenda, kisha Nandete, kisha uzi wa tarehe. Maji yanakuja baada ya hayo. Sanaa tuliiondoa kabisa: kupaka rangi picha ya Kinjekitile hakukumfundisha mtu chochote, na ningeshauri somo lolote lisilo na swali lake lenyewe kuhusu vita hivi lisiingizwe kwa ajili ya kujaza jedwali. Igizo sitalirudia. Kwa mtaala mpya, Historia ya Tanzania na Maadili imepata kipindi chake, na hilo ni jambo jema sana, ila naomba walimu wa Hisabati na Sayansi wasione sasa kwamba mzigo umewatoka.

Machi tulikuwa na mtihani wa ujirani mwema, umetungwa nje ya shule yetu. Swali moja liliuliza sababu ya Wamajimaji kushindwa, na jibu lililokuwa linatakiwa kwenye mwongozo wa kusahihisha lilikuwa "imani za kishirikina". Yule mvulana wa dawati la nyuma alilichagua na akapata alama yake. Baada ya mtihani alikuja ofisini, akanisalimu, akasimama pembeni ya meza.

"Mwalimu, niliandika D kwa sababu ndiyo wanayoitaka. Lakini jibu lenyewe halikuwepo."

"Jibu lenyewe ni lipi?"

"Walichoma mahindi."